Hoteli hazikuyala mashamba ya miwa ya Mauritius

Ukiwasikiliza wanaozungumzia Mauritius, hadithi ni moja: watalii walikuja, hoteli zikajengwa, miwa ikatoweka. Kwamba miwa imepungua ni kweli. Mwaka 2000 ilikuwa kwenye zaidi ya hekta 70,000. Miaka 20 baadaye ilibaki karibu hekta 40,000. Lakini hoteli nyingi ziko ufukweni, kwenye ukanda mwembamba ambao haungeweza kumeza eneo lote hilo.

Sababu kubwa ni bei. Tangu 1975, Ulaya ilikuwa ikinunua sukari ya kisiwa hicho, takribani tani 500,000 kwa mwaka, kwa bei ya juu kuliko ya soko la dunia. Kati ya 2006 na 2009 bei hiyo ikakatwa kwa asilimia 36, kisha mkataba wenyewe ukaisha. Mkulima mdogo ndiye aliyeumia zaidi. Shamba lake ni dogo, limejaa mawe ya volkano ambayo mashine haipiti, na wakataji miwa ni ghali na wanazidi kuzeeka. Wengi waliacha tu. Mashamba hayo hayakujengwa kitu, yamemea vichaka.

Ujenzi nao umechukua sehemu yake, sikatai: Ebène, mji wa maofisi, ulijengwa palipokuwa na miwa, na kampuni kubwa za sukari zimegeuza baadhi ya ardhi yao kuwa makazi ya kifahari. Hao, hata hivyo, ni wenye mashamba wenyewe, waliokwisha kupiga hesabu ya sukari wakaona hailipi.