Sweta za Januari hupangwa Agosti: bajeti ya mauzo na bajeti ya uzalishaji kwa kiwanda kidogo

Katika mafunzo ya uhasibu tunayowapa wenye viwanda vidogo wa Moshi na Arusha, huwa tunaanza kwa kuuliza kila mmoja anatarajia kuuza kiasi gani mwakani, na wengi hujibu kwa kutaja mashine. Mfumaji wa sweta za shule atasema kwamba anazo mashine nne, kwamba kila moja hutoa sweta 12 kwa siku, na kwamba kwa mwezi wenye siku 25 za kazi atapata sweta 1,200. Kisha hesabu ya mwaka mzima huijenga juu ya namba hiyo. Jibu hilo linaeleza uwezo wa kiwanda, lakini kuhusu wanunuzi halisemi lolote, na upungufu wake hujitokeza Februari, stoo ikiwa imejaa na muuzaji wa nyuzi akidai fedha zake.

Bajeti ya mauzo ndiyo hutangulia, kwa sababu bajeti za uzalishaji, malighafi, ujira na fedha taslimu zote hutokana nayo, na ikikosewa hiyo, zinazofuata hukosewa kwa usahihi mkubwa. Kwa sweta za shule, kosa la kawaida ni kuchukua mauzo ya mwaka na kuyagawa kwa 12. Muhula wa kwanza huanza Januari, na hapo ndipo wazazi wa darasa la kwanza na kidato cha kwanza hununua sare kwa pamoja. Muhula wa pili huanza Julai, wakati baridi ya Juni na Julai bado imeshika, nao ni msimu mwingine ulio mdogo kuliko ule wa kwanza. Miezi iliyobaki mauzo ni ya kudokoa. Mahali nako kuna hesabu yake: shule za Marangu, Machame na Kibosho, zilizo mlimani kwenye baridi, haziwezi kuwekwa kapu moja na za Kahe, ambako joto la tambarare humfanya mzazi aahirishe sweta na kununua viatu kwanza.

Makadirio hayo yatoke kwenye risiti za miaka miwili au mitatu iliyopita, kwenye oda zilizokwisha kuandikwa, na kwa walimu wakuu wenyewe, ambao waulizwe mapema kama shule ina mpango wa kubadili rangi ya sweta, kwa kuwa uamuzi wa kikao kimoja cha shule unaweza kuifanya akiba yote ya rangi ya zamani ikose mnunuzi. Tunashauri oda za uhakika ziandikwe katika safu yake, na mauzo ya matumaini katika safu nyingine. (Ya matumaini ndiyo huwa kubwa zaidi, na ndiyo hutajwa kwanza.) Kiwanda kilichosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kiandike bei bila kodi hiyo, kwani ni fedha kinazokusanya kwa niaba ya Serikali.

Tuchukue mfano wa kiwanda hicho cha mashine nne, ambacho baada ya kuuliza na kupekua kimekadiria kuuza sweta 400 Novemba, 1,200 Desemba, 2,000 Januari na 300 Februari. Mwenye kiwanda ameamua kwamba kila mwisho wa mwezi stoo iwe na sweta zinazofikia robo ya mauzo ya mwezi unaofuata, ili mteja asirudi mikono mitupu wiki ya kwanza. Bajeti ya uzalishaji hupatikana kwa kuchukua mauzo ya mwezi, kujumlisha akiba inayotakiwa mwishoni, na kutoa akiba iliyopo mwanzoni. Akianza Novemba na sweta 100, atatakiwa kufuma 600 mwezi huo, yaani 400 kujumlisha 300 kutoa 100. Desemba atafuma 1,400, na Januari 1,575.

Hapa ndipo mashine zinapopata nafasi ya kusema. Uwezo ni sweta 1,200 kwa mwezi, kwa hiyo Desemba inapungukiwa na sweta 200 na Januari 375, jumla 575, ilhali Novemba mashine zingefanya kazi nusu tu. Mwenye kiwanda ambaye hana bajeti hii hugundua upungufu huo Januari yenyewe, akaanza kulipa saa za ziada na kununua mashine ya tano kwa mkopo, mashine ambayo Machi itafunikwa turubai. Aliye na bajeti atafuma sweta 1,175 Novemba, na upungufu wote utakuwa umezibwa: Novemba itafungwa na sweta 875 stoo, Desemba nayo 875, na Januari 75 kama alivyokusudia.

Lakini ile namba ya siku 25 inahitaji kutazamwa tena. Desemba ina sikukuu ya Uhuru tarehe 9, ina Krismasi na siku inayofuata, na hapa Kilimanjaro ni mwezi ambao hata mfumaji aliyeajiriwa mjini hupanda nyumbani kwao migombani kukutana na ndugu waliotoka mbali, ruhusa iwepo au isiwepo. Tukihesabu siku 22, mashine zitatoa sweta 1,056 badala ya 1,200. Pengo ni sweta 144. Novemba imebakiza nafasi ya sweta 25 tu, kwa hiyo sweta 119 lazima zifumwe Oktoba.

Kila sweta iliyokaa stoo imekwisha kula nyuzi na ujira. Ikiwa gharama hizo ni shilingi 9,000 kwa sweta moja, zile 875 za mwisho wa Novemba katika hesabu ya kwanza, kabla ya kupunguza siku za Desemba, zimefunga shilingi 7,875,000 ambazo haziwezi kulipa umeme wala kodi ya jengo hadi mzazi anunue, na pengine muda mrefu zaidi, kwa kuwa maduka mengi huchukua kwa mkopo na shule hulipa ada zikishaingia. Kwa sababu hiyo, pembeni mwa bajeti ya mauzo iwepo ratiba ya makusanyo inayoonyesha mauzo ya Januari yatalipwa kiasi gani Januari, kiasi gani Februari, na kiasi gani Machi.

Nyuzi nazo zina masharti yake. Zilizotiwa rangi kwa awamu tofauti aghalabu hupishana kidogo, na mwalimu mkuu atakataa mzigo wenye bluu mbili, hivyo ni salama kununua kwa mara moja nyuzi za oda nzima ya shule moja, pamoja na ziada ya zile zitakazoharibika mashineni. Ikiwa sweta za kwanza za msimu zitafumwa Oktoba, nyuzi hizo zinatakiwa ziwe zimefika na kulipiwa Septemba, mwezi ambao mauzo ya Julai yamekwisha na ya Januari hayajaanza. Na mazungumzo na benki, au na muuzaji wa nyuzi anayekubali kulipwa kwa awamu, yanapaswa kufanyika Agosti, bajeti zote mbili zikiwa mezani.