Nasaba ya gari la mashindano: maana yake na namna inavyofuatiliwa

Nasaba ya gari ni mlolongo wa habari zake zote tangu lilipotoka kiwandani hadi lilipo leo: nani alilimiliki, lilishindana wapi, lilipata ajali gani, na ni vipande gani vilitolewa na kuwekwa vingine. Kwa gari la kawaida, kadi na namba ya chasisi vinatosha kumtuliza mnunuzi. Kwa gari la mashindano lililoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, havitoshi hata kidogo.

Magari hayo hayakuundwa yatunzwe. Timu ilichomoa injini ya gari moja ikaitia jingine usiku wa kuamkia mbio. Chasisi iliyopinda ilitupwa. Hata kibati cha namba ya chasisi kiliweza kuhamishwa kutoka gari bovu kwenda zima. Na gari lilipopitwa na wakati, liliuzwa kwa bei ya kutupa, likavishwa bodi nyingine na kutembea barabarani kama gari la nyumbani, au likaishia kwa wauza chuma chakavu. Kwa hiyo anayeuliza “hili ndilo lile?” anauliza jambo gumu kuliko linavyosikika.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Bentley Speed Six inayojulikana kwa jina la Old Number One. Ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 ikiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, ikashinda tena 1930, safari hii Barnato akiwa na Glen Kidston. Kampuni ya Bentley ilifilisika 1931 ikanunuliwa na Rolls-Royce, lakini gari liliendelea kushindana. Lilitiwa injini kubwa zaidi, ya lita 8. Septemba 1932, katika mbio za maili 500 kwenye uwanja wa Brooklands, Uingereza, Clive Dunfee alipokea usukani kutoka kwa ndugu yake Jack. Gari likavuka ukingo wa juu wa kona iliyoinuka, likatoka nje, na Clive akafariki. Baadaye mabaki yaliundwa upya kuwa gari la barabarani lenye paa.

Mwaka 1990 mmiliki wake, Edward Hubbard, alikubaliana kuliuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Mnunuzi akabadili nia, akidai kwamba hili silo Old Number One halisi. Shauri likafika Mahakama Kuu jijini London mbele ya Jaji Otton, na gari likachunguzwa kipande kwa kipande. Matokeo yalikuwa ya kushtua. Kutoka gari lililoshinda 1929, hakuna kilichobaki ila vifaa vidogo visivyojulikana ni vya mwaka gani. Kutoka lile la 1930, kilichothibitika ni shafti ya pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Kutoka 1932, chasisi na injini ya lita 8 zilikuwapo.

Hata hivyo muuzaji alishinda. Jaji alikataa kuliita gari la asili, maana asili yake ilikuwa imekwisha kuliwa na kazi. Lakini aliona kwamba hakuna wakati wowote gari hili lilipotoweka au kuacha kuwa Old Number One. Kila badiliko lilifanyika juu ya gari lile lile, likiwa na jina lile lile. Halikufufuliwa kutoka wafu, wala halikuungwa kutoka vipande vilivyookotwa huku na huko. Nasaba ya gari ni kama sanadi ya hadithi za Mtume, yaani mlolongo wa waliozipokea na kuzisimulia: nguvu yake iko katika kuunganika kwa wapokezi, mmoja baada ya mwingine, bila pengo katikati.

Pengo hilo ndilo linalowatesa watafiti. Silaha zao ni daftari za kiwanda, orodha za washiriki wa mbio, hati za forodha, barua za wamiliki, na picha. Picha ndizo ninazoziamini zaidi. Mpangilio wa ribiti (pini za kuunganishia mabati) kwenye bodi, matundu ya boneti au kiraka kilichochomelewa baada ya ajali hulitambulisha gari hata kama kibati chake kimebadilishwa, kwa kuwa mtu anayeghushi namba mara nyingi hakumbuki kughushi kiraka.

Magari ya mashindano ya kampuni ya Auto Union ya Ujerumani yanaonyesha pengo likiwa pana. Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliyakuta eneo la Zwickau, likayachukua na kuyagawa kwa viwanda na taasisi ili yachunguzwe. Mengi yalikatwakatwa. Moja, lenye silinda 16 na lililoundwa kwa mbio za kupanda milima, liliokolewa Moscow katika miaka ya 1970 na Viktors Kulbergs, mpenzi wa magari ya kale kutoka Latvia, na kupelekwa Riga, mji mkuu wa nchi hiyo. Baadaye Audi, warithi wa Auto Union, walilipata kwa kubadilishana na nakala waliyoitengenezea makumbusho ya huko. Vipande vingine vilikusanywa na Paul Karassik kutoka Marekani, aliyezunguka nchi za Kisovieti kuvitafuta, kisha mafundi wa Crosthwaite & Gardiner wa Uingereza wakaviunda tena kuwa magari yanayokimbia. Gari moja la Auto Union lilikuwa linauzwa na kampuni ya minada ya Christie's jijini Paris mwaka 2007, na mnada wake ukasitishwa kwa sababu ya maswali juu ya ni chasisi ipi hasa.

Mgogoro mkubwa hutokea pale gari moja linapokatwa. Mmoja anachukua chasisi, mwingine injini na makaratasi, na kila mmoja anajenga gari zima. Yakikamilika yote mawili yanadai jina moja na ushindi mmoja. Hapo mimi nauliza kwanza ni lipi lililoendelea kuishi kama gari bila kukatika. Kama hakuna, basi yote mawili yaandikwe kwenye orodha ya mnada kwa jina linaloyastahili: gari lililoundwa upya, likitajwa kila kipande cha zamani kilichomo na kilikotoka.