Taima haijui kiu: dhana potofu kuhusu kumwagilia bustani ya chumbani kwa mtambo

Anayelima mboga ndani ya chumba, kwenye vyungu vya udongo chini ya taa, hufika siku akachoka na kopo. Nyanya, pilipili hoho na mrehani hudai maji kila siku, na msiba mmoja wa kumpeleka kijijini siku nne unatosha kuharibu kazi ya miezi miwili. Basi ananunua pampu ndogo, mpira mweusi, taima ya kuwasha na kuzima pampu kwa saa, na dripa, vile vichwa vidogo vinavyodondosha maji. Ni uamuzi mzuri, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba mtambo hutekeleza ulichoupangia kila siku bila kuchoka, kiwe sahihi au kosa, na mengi tunayoambiana kuhusu kuupanga si kweli.

"Weka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, inatosha"

Inatosha mmea upi? Namba hiyo inatokana na taima yenyewe. Zile za kuzungusha zenye pini pembeni, kwa nyingi kila pini ni dakika 15, na huwezi kushuka chini ya hapo. Dripa iliyoandikwa lita 2 kwa saa, ikipata presha yake, hutoa nusu lita kwa dakika 15. Mche wa pilipili kwenye chungu cha lita 2 hauna pa kuyapeleka maji hayo, tena mara mbili kwa siku. Mnyanya ulioanza kuzaa kwenye chungu cha lita 20, chini ya taa kali na mbele ya feni, unaweza kuyamaliza na kudai mengine.

Kiasi hupimwa, na kifaa chake ni mizani. Mwagilia chungu polepole mpaka maji yatoke chini, subiri yaache kudondoka, kisha kipime. Kesho saa ile ile kipime tena. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo chungu kilichokuwa kilo 14.2 kikiwa sasa kilo 13.5, mmea na hewa vimechukua mililita 700. Dripa ya lita 2 kwa saa hutoa kama mililita 33 kwa dakika. Ukiweka mbili kwenye chungu hicho, dakika 11 zinarudisha kilichotoka. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye taima, na ni ya wakati huo tu: mmea ukiongeza majani, ukishusha taa, au joto likibadilika, pima upya. Mizani ndogo ya jikoni haiwezi chungu kikubwa, lakini ile ya kuning'iniza wanayotumia sokoni inafanya kazi vizuri.

Kwa nini dripa mbili? Tone linalodondoka sehemu moja kwenye udongo mwepesi wa chungu hushuka moja kwa moja chini na kuacha pembeni pakavu. Mizizi nayo hubaki imejikusanya pale penye maji. Ziweke pande mbili za shina, kila moja ikae mbali kidogo nalo.

Taima ya kuzungusha ina kasoro nyingine ambayo sisi wa huku tunaipata kuliko wengine. Umeme ukikatika, nayo inasimama. Ukikatika kwa muda wa saa tatu leo na saa tatu kesho, taima imechelewa kwa saa sita, na maji uliyopanga yatoke saa moja asubuhi yatatoka saa saba mchana. Taa ikiwa kwenye taima ya aina ile ile, laini ile ile, angalau vyote vinachelewa pamoja. Taa ikiwa kwenye ya dijitali na pampu kwenye ya kuzungusha, baada ya wiki chache za mgao utakuta maji yanatoka katikati ya usiku wa mimea. Nunua ya dijitali yenye betri ya kutunza saa, ambayo pia inakubali kuwekwa dakika moja moja.

"Majani yamelegea, ongeza maji"

Hii ndiyo inayoua mimea mingi zaidi, kwa maoni yangu. Mizizi inapumua. Oksijeni yake hukaa kwenye nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, na nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu, mizizi huanza kufa. Mzizi uliokufa haunyonyi kitu, kwa hiyo mmea uliosimama kwenye tope hulegea kama ule wenye kiu. Mwenye chumba akiona hivyo anaongeza dakika kwenye taima, na vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium vinapata mazingira vinayoyapenda.

Kabla ya kugusa taima, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, kisha nyanyua chungu. Kikiwa kizito na jani limelegea, zima pampu. Dalili nyingine ni wale inzi weusi wadogo sana wanaoruka ukigusa chungu. Mabuu yao huishi kwenye sentimita chache za juu za udongo wenye unyevu, na wengi hufa tabaka hilo likiachwa likauke kati ya mwagilio moja na lingine. Ila usiache chungu kizima kikauke kabisa. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka hivyo hukataa maji: yanapita pembeni kati ya udongo na ukuta wa chungu, yanatokea chini, nawe unadhani umemwagilia. Ukifikia hapo, lowesha kidogo kidogo kwa kurudia, au kalisha chungu kwenye beseni la maji nusu saa.

"Kokoto chini ya chungu hukausha udongo"

Hazikaushi. Maji hayavuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu yake, na tabaka lililoloa kupita kiasi linapanda tu karibu zaidi na mizizi. Jaribu na sponji ya kuoshea vyombo: ilowanishe, ishike ikiwa imelala hadi iache kudondoka, kisha isimamishe wima. Itatoa maji mengine. Urefu ndio unaosaidia. Chukua chungu kirefu chenye matundu ya kutosha, jaza udongo mpaka chini, na usiache sahani ikae na maji.

"Ukishakuwa na sensa huna haja ya kuangalia"

Sensa, vile vifaa vya kupima unyevu wa udongo, za bei rahisi zenye vyuma viwili vilivyo wazi hupima jinsi umeme unavyopita kwenye udongo. Zikiachwa na umeme muda wote, vyuma huliwa na usomaji hupotea, na mbolea nayo huzidanganya kwa sababu chumvi hupitisha umeme. Zile zilizofunikwa, zinazopima badiliko la uwanja wa umeme, hudumu zaidi. Lakini hata hizo husoma mahali zilipochomekwa tu. Sensa ikichomoka, au udongo ukijitenga nayo, inasoma hewa. Kwa mtambo hewa maana yake ni ukavu, na pampu itaendelea kusukuma mpaka tenki liishe. Kwa hiyo ipe sensa mamlaka ya kuzuia tu: taima iamue saa na dakika, sensa iseme "leo hapana" udongo ukiwa bado umeloa.

Kwa chumba ambacho umeme hautabiriki, ninapendelea koni za kauri. Koni hujazwa maji pasibaki hewa, kisha huchomekwa udongoni. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia kauri, mvuto huo unafungua njia ya mpira mwembamba, na ukishalowa njia inafungwa. Hakuna waya wala betri, na kinachopimwa ni nguvu ile ile ambayo mzizi hutumia kuvuta maji.

"Ndoo juu ya kabati inatosha dripa yoyote"

Mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya kama bar 1. Ndoo iliyo mita 1 juu ya dripa inakupa moja ya kumi ya hiyo. Dripa nyingi za kujirekebisha presha zimetengenezwa kwa mabomba ya shambani na hazifanyi kazi vizuri chini ya nusu bar. Nyingine hazitoi hata tone. Kwa ndoo, tafuta za kawaida za presha ndogo. Hata hizo, maji yakishuka kutoka mita 1 hadi robo mita juu ya dripa, mtiririko hushuka hadi karibu nusu. Weka vikombe chini ya dripa zote kwa dakika 10 ulinganishe kabla hujaamini kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mbolea ya maji ya samadi usiipitishe humo. Hata ukiichuja kwa kitambaa, utelezi unaota ndani ya mpira na dripa zinaziba. Samadi iliyooza iweke juu ya udongo, maji safi yaishushe. Tenki na mipira iwe ya rangi inayozuia mwanga, la sivyo utafuga mwani.

"Pampu ikizimwa, maji yamesimama"

Sivyo, kama maji ya tenki yako juu kuliko dripa. Mpira ukishajaa, maji yanaendelea kujivuta yenyewe kupita kwenye pampu iliyozimwa hadi tenki liishe. Toboa tundu dogo kwenye mpira ukiwa bado ndani ya tenki, juu ya usawa wa maji: pampu ikizima, hewa inaingia na mvuto unakatika. Na usiweke tenki la lita 200 kwa sababu tu lilikuwepo dukani. Weka la siku unazosafiri, ili siku jambo likiharibika, maji yatakayomwagika yasishukie dari ya jirani wa chini. Soketi zikae juu kuliko maji, waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwake, na laini nzima ipite kwenye swichi ya usalama ya miliampu 30 inayokata umeme ukivuja.

"Maji yakishaingia kwenye chungu, habari yake imekwisha"

Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayonyonywa na mizizi hutoka tena kama mvuke kupitia majani. Ukimwagilia lita 10 kwa siku kwenye chumba, karibu lita zote 10 zitaishia hewani mle ndani, na zisipotolewa zitageuka ukungu kwenye majani na kuta. Feni ya kutoa hewa nje ni sehemu ya mtambo wa kumwagilia. Ndiyo maana pia maji yatoke mara tu taa zinapowaka. Yakitoka dakika za mwisho kabla ya taa kuzimwa, chumba kinapoa kikiwa na unyevu mwingi, na matone yanakaa kwenye majani usiku kucha.