Mbona pasipoti saizi haifanani na mimi? Maana ya athari ya mazoea

Juzi nimeenda kupiga pasipoti saizi kwenye studio moja ya Majengo hapa Dodoma, nikapewa zile nne bado zina joto la printa, naangalia nasema huyu nani jamani, pua imeenda upande, jicho moja dogo. Namuonyesha dada angu anashangaa tu, "si wewe huyu, mbona umetoka vizuri?"

Kumbe wote tuko sawa. Kwenye saikolojia kuna kitu kinaitwa athari ya mazoea, yani kitu ukikiona mara kwa mara na hakijakuudhi, unaanza kukipenda hivi hivi bila sababu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika habari zake 1968, aliwaonyesha watu maneno wasiyoyajua na picha za sura ngeni, zile zilizojirudia sana ndo zikapendwa zaidi.

Sasa sura ya mtu haijalingana kulia na kushoto, na mimi yangu naijua ya kwenye kioo, ambayo imegeuzwa. Nina kovu juu ya nyusi ya kushoto, kwenye kioo naliona kushoto, dada angu akinitazama analiona upande wake wa kulia, na kamera inapiga kile anachoona yeye. 1977 huko Marekani watafiti waliwapa wanawake picha zao, moja ya kawaida na moja imegeuzwa kama kioo, wenyewe wengi wakapenda ya kioo, marafiki zao wakapenda ya kawaida. Picha ile ile! Ndo maana na selfi unajipanga unajiona uko poa, simu ikisevu imeigeuza unaanza kulaumu kamera.

Kwa watu wengine iko hivyo hivyo. Utafiti mmoja wa 1992, walichukuliwa wadada wanne, watatu wakawa wanaingia darasani chuoni bila kuongea na mtu, mmoja mara 15, mwingine 10, mwingine 5, wa nne hakuingia kabisa, afu wanafunzi wakaonyeshwa picha zao: aliyeonekana zaidi ndo alionekana mzuri zaidi. Kwa hiyo yule wa chipsi pale Area C ambaye mwezi wa kwanza hukumuona wa maana, na saa hizi unapitia hata kama umeshiba, jua macho yamezoea.

Ila mtu akikuudhi mwanzoni haifanyi kazi, inaweza hata kugeuka. Kuna konda wa daladala za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alinidhulumu chenji siku ya kwanza kabisa, nakutana nae karibu kila asubuhi na kila asubuhi anazidi kuwa mbaya.