Wavu hufichuka, haumomonyoki

Nimekutana kwa mara nyingine na maneno "mmomonyoko wa wavu" katika maelezo ya Kiswahili yaliyokusudiwa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa kizazi kilichoshuka, na safari hii nimeona afadhali niandike kuliko kunung'unika.

Dhana yenyewe ni hii. Misuli na kano za nyonga zikilegea kwa sababu ya uzazi au umri, kizazi, kibofu au utumbo hushuka na kujitokeza ukeni. Kwa miaka kadhaa madaktari wa nchi nyingi waliweka wavu wa plastiki ya polipropilini kwa kupitia ukeni ili kutegemeza kilichoshuka, na Marekani ikasimamisha uuzaji wa nyavu za matumizi hayo mwezi Aprili 2019. Miongoni mwa matatizo yake, lililoripotiwa zaidi ni wavu kuonekana au kugusika ndani ya uke, na hilo ndilo linaloitwa mmomonyoko.

Neno la Kiingereza lililozaa tafsiri hiyo, erosion, lina asili ya kitenzi cha Kilatini rodere, yaani kuguguna, kile kile kilichowapa panya na jamaa zao jina la kisayansi. Picha iliyomo ni ya wavu unaoiguguna nyama mpaka ukatokeza. Mfasiri wetu akalikimbilia neno alilofundishwa katika somo la jiografia, bila kujiuliza ni nani anayemomonyoka. Katika Kiswahili kinachomomonyoka ndicho kinachopungua: udongo, ukingo wa mto, ukuta wa nyumba uliopigwa na mvua. Basi ukimwambia mtu kwamba wavu wake umemomonyoka, umemwambia kuwa plastiki inapukutika mwilini mwake. Mama mmoja niliyemsomea barua iliyotafsiriwa hivyo aliniuliza, "Sasa hivyo vipande vimekwenda wapi, mwanangu?" Barua ya asili ilisema tu kwamba milimita chache za wavu zilikuwa wazi, na yeye mwenyewe alikwisha kuzigusa kwa kidole, akadhani ni uzi uliosahauliwa.

Nyuzi za polipropilini, plastiki ile ile inayofumiwa viroba vya unga, haziyeyuki mwilini kama ziyeyukavyo baadhi ya nyuzi za kushonea. Nyama huota kupitia matundu ya wavu na kuushika, ndiyo maana kuuondoa wote ni kazi ngumu. Kinachoachia ni utando wa uke uliofunika wavu, ambao pengine haukupona vizuri penye mshono, au umekuwa mwembamba mno.

Wataalamu wenyewe waliliona tatizo hili. Mwaka 2011 jumuiya mbili za kimataifa za mabingwa wa magonjwa ya nyonga na mkojo zilitoa istilahi za pamoja na kushauri neno hilo la kuguguna liepukwe, yatumike maneno yanayotaja hasa kilichotokea. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani, katika onyo lake lililosema takriban asilimia 10 ya wanawake hupatwa na hali hiyo ndani ya miezi 12, iliendelea kulitumia neno hilo, tena ikalichanganya na mengine kana kwamba yote ni mamoja.

Si mamoja. Wavu uliofichuka umeonekana kwa sababu utando umeachana, na kidonda kikiwa kidogo huenda krimu ya estrojeni, yaani homoni ya kike, au kukata kipande kilicho wazi kukatosha. Wavu uliochomoza umeanza kutoka nje ya uke au ya njia nyingine ya mwili. Wavu uliotoboa umeingia ndani ya kiungo, kama vile kibofu au utumbo, na hapo mgonjwa anaweza kukojoa damu na kuhitaji upasuaji mkubwa. Wala "mwili umeukataa wavu" si badala nzuri, kwa kuwa kukataa ni lugha ya figo iliyopandikizwa, ambako kinga hushambulia nyama ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, ukilikuta neno hilo tena, isome kwanza barua yote ujue wavu umeonekana wapi. Ukiwa ni ukeni tu, andika "wavu umefichuka ukeni", kisha utaje milimita ngapi kama daktari amezitaja.