Maswali na Majibu Kuhusu Kugongwa na Nyoka Nyumbani na Shambani

Nitamtambuaje nyoka mwenye sumu?

Nyoka mwenye sumu ni yule ambaye meno yake huingiza sumu mwilini anapouma. Aina nyingi za nyoka hazina sumu ya kumdhuru binadamu, na hapo ndipo matatizo huanzia, kwa sababu mara nyingi swali hili huulizwa na mtu anayetafuta sababu ya kubaki nyumbani. Tunaambiwa kwamba nyoka alikuwa mdogo, kwamba alikuwa wa kijani, au kwamba kichwa chake hakikuwa cha pembetatu. Rangi hutofautiana hata ndani ya aina moja, fira na koboko hawana kichwa cha pembetatu, na mtoto wa nyoka mwenye sumu huwa na sumu yake tangu siku ya kwanza. Kila nyoka aliyemuuma mtu ahesabiwe kuwa ana sumu mpaka mgonjwa achunguzwe hospitalini.

Aliyeumwa hana maumivu makali wala hajavimba. Je, tusubiri kwanza tuone?

Hapana, msisubiri. Ziko sumu zinazoharibu nyama na kuleta uvimbe wa haraka, ziko zinazoizuia damu isigande, na ziko zinazolegeza misuli huku jeraha lenyewe likiuma kidogo tu. Mgonjwa wa kundi hili la mwisho hukaa na ndugu zake akizungumza kama kawaida, kisha kope zake huanza kushuka, anaona vitu viwiliviwili, anashindwa kumeza mate, na baadaye misuli ya kupumulia inachoka. Mtu huyo angefika mapema, angepata dawa na kuwekwa chini ya uangalizi. Akiletwa wakati hawezi tena kufumbua macho, anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua, na si kila kituo kina mashine hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na kwamba wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Sehemu ya madhara hayo husababishwa na saa zilizopotea nyumbani.

Jirani yetu alipona kwa jiwe jeusi na majani. Kwa nini tusianze na hayo, kisha twende hospitali yakishindikana?

Kwa sababu mara nyingine nyoka mwenye sumu huuma bila kuingiza sumu, na mara nyingine aliyeuma hakuwa na sumu kabisa. Jirani huyo angepona hata kama angepakwa maji matupu. Jiwe haliwezi kunyonya sumu iliyokwisha kuingia chini ya ngozi na kuanza kusambaa, na aliyelitumia hujua kwamba limeshindwa pale tu mgonjwa anapozidiwa, yaani wakati ambao tulitaka awe amekwisha kutibiwa. Hospitali iwe ya kwanza. Isiwe ya pili baada ya jiwe, wala ya tatu baada ya majani.

Je, tumfunge kamba juu ya jeraha ili sumu isipande?

Hapana. Tunaomba jambo hili lieleweke hata kama mengine yote yatasahauliwa: msifunge kamba, mpira, mkanda wala kipande cha kitambaa kwa kukaza. Kamba iliyokazwa huzuia damu kufika sehemu ya chini ya kiungo, na kiungo kisichopata damu hufa. Tumepokea miguu iliyovimba hadi kamba ikazama ndani ya nyama na kutoonekana tena, vidole vikiwa vimebadilika rangi na kupoa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupona sumu akakatwa mguu kwa sababu ya kamba.

Ikiwa kamba imekwisha kukazwa kwa muda mrefu, msiifungue ghafla njiani, kwa kuwa sumu iliyozuiwa inaweza kuingia kwa wingi katika mzunguko wa damu kwa mara moja. Mkimbizeni kituoni na kuwaeleza wahudumu ilifungwa saa ngapi, ili waifungue wakiwa na dawa mkononi.

Na kuchanja jeraha au kunyonya sumu kwa mdomo?

Visifanyike. Kuchanja huongeza jeraha kwa mtu ambaye huenda damu yake haigandi, na kunyonya hakutoi sumu ya maana. Vivyo hivyo kuhusu barafu, shoti ya umeme na pombe.

Basi tufanye nini?

Msogezeni mgonjwa mbali na nyoka na mumtulize, kwa maana kukimbia na kuhangaika husaidia sumu kusambaa. Mvueni pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujafika. Kitulizeni kiungo kilichoumwa kwa kukifunga kwenye ubao au fimbo iliyonyooka, kwa kitambaa kilicholegea kiasi cha kuruhusu kidole kupita chini yake. Andikeni saa aliyoumwa, na mkiwa na kalamu chorezeni mpaka wa uvimbe kwenye ngozi, maana alama hiyo hutuambia kasi ya sumu kuliko maelezo marefu. Kwa maumivu anaweza kupewa parasetamoli, lakini asipewe aspirini, dikilofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutokwa damu.

Asitembee ikiwa upo usafiri wowote. Pikipiki inafaa kabisa, mgonjwa akiwekwa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Akitapika au kusinzia, alazwe kwa ubavu. Ikiwezekana pigeni simu kabla ya kuondoka na kuuliza ni kituo gani kina dawa ya sumu ya nyoka, maana kufika haraka mahali pasipo na dawa ni kuchelewa kwa namna nyingine.

Je, tumuue nyoka tumlete?

Msimfuate. Watu huumwa wakijaribu kumuua, na badala ya mgonjwa mmoja tunapokea wawili. Hata nyoka aliyekufa, au kichwa chake kilichokatwa, anaweza kuuma bado. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na isipopatikana tutaongozwa na dalili.

Mbona tukifika hatupewi sindano mara moja?

Dawa hii hutengenezwa kwa kutumia kingamwili za wanyama, kwa kawaida farasi au kondoo, kwa hiyo inaweza kuleta mzio mkali na hutolewa pale tu kuna dalili za sumu. Damu kidogo huwekwa katika chupa kavu na safi ya kioo, ikaachwa bila kuguswa kwa dakika 20, kisha chupa huinamishwa. Ikiwa damu bado inamiminika, sumu imevuruga ugandaji. Asiye na dalili huangaliwa kwa saa 24, na huko kuangaliwa ni matibabu, si kupuuzwa. Mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakupunguza sumu yake kwa ajili ya mwili mdogo.

Dawa hukamata sumu inayozunguka mwilini. Haifufui nyama iliyokwisha kufa. Ndiyo maana tunarudia kuwaambia msisubiri.

Tutazuiaje nyoka kuingia kwenye makazi?

Nyoka hufuata panya, vyura, mayai na maficho. Hifadhini nafaka katika vyombo vyenye mifuniko, ondoeni marundo ya matofali na kuni karibu na kuta, fyekeni nyasi na kuziba matundu. Usiku tembeeni na tochi hata kwa hatua chache za kwenda chooni, na mvae buti shambani. Asiingize mtu mkono katika kiota cha kuku au rundo la kuni asiloliona ndani. Kulala juu ya kitanda, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, huzuia nyoka pamoja na mbu. Kumwagia uwanja chumvi au mafuta ya taa si kinga ya kutegemewa.

Nyoka akitema sumu machoni?

Osheni macho papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika kadhaa, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msitie majani wala dawa ya mtu mwingine.

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Je, yamekwisha?

Kwa wengi, ndiyo. Hata hivyo, wiki moja au mbili baada ya kupewa dawa, baadhi ya wagonjwa hupata homa, vipele na maumivu ya viungo, na hali hiyo inatibika. Arudi siku hiyo hiyo dalili zinapoanza, na vivyo hivyo jeraha likibadilika kuwa jeusi au kuanza kutoa harufu.