Ukikuta boksi la zamani la mapishi, usilimwage mezani

Kazi yangu ni kutunza makaratasi ya zamani, barua, madaftari, picha, na kiukweli hakuna kitu kinachonifurahisha kama boksi la mapishi, yale ya bati au mbao yenye kadi za inchi 3 kwa 5 zimesimamishwa wima. Watu wengi wakirithi boksi kama hilo wanalimwaga mezani wakitafuta resipi ya keki ya bibi, na hapo hapo nusu ya habari iliyokuwemo inakuwa imeshapotea.

Yaani boksi lile halikuwa la mapishi tu. Lilikuwa karibu na mkono, lina mfuniko, watoto hawaligusi, kwa hiyo mwenyewe alichomeka humo kila karatasi ambayo hakutaka ipotee. Humo nimeshatoa risiti, pakiti tupu za mbegu, karatasi ya dawa ya daktari, barua zisizotumwa, hata vinywele vya mtoto vimekunjwa vizuri kwenye kipande cha karatasi. Na mahali kitu kilipochomekwa ndipo panapokuonyesha kwa nini kiliwekwa. Barua ikiwa nyuma ya kadi ya biskuti, huenda ndiyo iliyokuja na hiyo resipi, ukiihamishia kwenye rundo la barua uhusiano huo haupo tena na hakuna atakayeujua. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote piga picha, mbele mpaka nyuma, pande zote mbili za kila karatasi.

Pande zote mbili nasisitiza. Kuna kipande cha gazeti nilikipata kwenye boksi moja, upande mmoja resipi, upande mwingine tangazo la ndoa. Ungesema ni resipi, si kipo kwenye boksi la mapishi? Lakini ukiangalia mkasi ulivyopita, tangazo limekatwa likiwa zima, pembe zote nne zimenyooka, halafu resipi imekosa mistari ya mwisho. Aliyekata alikuwa anaitaka ile ndoa. Kisha kwenye kadi moja katikati ya boksi kulikuwa na doa la kahawia la mstatili, nikaweka kile kipande juu yake kikakaa sawasawa. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, yaani ile kemikali ya asili inayoupa mti ugumu, ikizeeka inatoa asidi, na asidi hiyo inababua karatasi ya jirani, kwa hiyo hata kitu kikihamishwa kivuli chake kinabaki. Hivyo vivuli usivione ni uchafu, tafuta ni karatasi gani iliyoviacha!

Tarehe watu hawakuandika, lakini zinapatikana. Tangazo la Marekani likiwa na ile namba ya posta ya tarakimu 5 limechapwa 1963 au baadaye, maana ndipo zilipoanza. Kadi za Uingereza zinazotumia mayai ya unga na kubana siagi na sukari mara nyingi ni za wakati wa mgao wa chakula, ulioanza Januari 1940 na kuisha kabisa Julai 1954. Bolpeni nayo inasaidia sana, Marekani zilianza kuuzwa madukani Oktoba 1945, kwa hiyo kadi ya huko iliyoandikwa kwa bolpeni usiiite ya miaka ya 1930 hata kama resipi ni ya zamani zaidi, hiyo ni nakala. Mimi napenda zaidi kadi yenye wino wa zamani uliogeuka kahawia halafu pembeni mtu mwingine kaja na bolpeni akaandika "sukari nyingi mno", hapo una vizazi viwili vinabishana jikoni na ugomvi wao unausoma leo.

Sasa kushika. Mikono iwe safi na mikavu, glavu za pamba sizipendi kwa sababu unapoteza hisia za vidole na karatasi iliyokauka inachanika kirahisi. Klipu yenye kutu usiivute, ingiza kipande cha plastiki laini kati yake na karatasi kisha uilegeze taratibu. Selotepu iache. Picha zilizogandana pia ziache, ile jelatini ya juu, utando mwembamba unaobeba picha, ikishikana ukibandua kwa nguvu sura inabaki upande wa pili, mpelekee mtaalamu. Madoa ya mafuta usiyafute, kadi yenye madoa mengi ndiyo iliyopikwa sana.

Vipande vya gazeti virudishe palepale vilipokuwa ila uvitenganishe na kadi kwa karatasi isiyo na asidi. Na tafadhali sana msilamineti kadi hizi, joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi havitoki tena. Ukitaka kupika, toa kopi, kopi ndiyo iende jikoni ikamwagikiwe maziwa.